Je, Ni Haki Kumpa Mtu Nusu ya Nyumba?

Swali hili laweza kuonekana la kitoto. Mtu asiye na nyumba akipewa nusu, si amepata? Mbona basi tunamtafutia mtoaji makosa? Lakini ndugu msomaji, ngoja kidogo kabla hujafunua kurasa za mbele kutafuta mashairi. Nusu ya nyumba ninayoisema hapa si fumbo. Ipo kweli, imejengwa kwa zege na matofali ya saruji katika mji wa Iquique, kaskazini mwa Chile, pale jangwa la Atacama linapoteremka hadi bahari ya Pasifiki. Na walioijenga hawakuishiwa fedha katikati wakatoroka, kama tulivyozoea kuona. Walikusudia tangu kwenye ramani kwamba wao wataishia nusu, na nusu ya pili ataimalizia mwenyewe yule atakayekaa.

Walioichora ni kampuni ya wasanifu majengo iitwayo Elemental. Ilianza mwaka 2001, na kinara wake ni Alejandro Aravena, mzaliwa wa Santiago wa mwaka 1967, ambaye mwaka 2016 alipewa tuzo ya Pritzker. Kwa wasanifu tuzo hiyo ni kama Nobel kwa waandishi. Tena kampuni hii haikuwa ofisi ya kawaida ya kuchora ramani. Chuo kikuu cha Kikatoliki cha Chile kilikuwa na hisa, na kampuni ya mafuta ya COPEC nayo ikawa na hisa. Kampuni ya mafuta inatafuta nini kwenye nyumba za walalahoi? Nimejiuliza hilo mara nyingi, na huko mbele nitaligusa kidogo.

Wazungu wana neno la jeshini wanalowaitia wasanii wa namna hii. Wanawaita kikosi cha mbele, yaani wale wanaotangulizwa kuchungulia adui yuko wapi kabla jeshi zima halijaja. Katika usanifu, kikosi cha mbele tumezoea kukitambua kwa maumbo: jengo lililopinda kama karatasi iliyonyeshewa, ghorofa linaloegemea hewa, ukuta usiojua kusimama wima. Elemental hawana mambo hayo katika kazi hii. Ukitazama picha ya nyumba za Quinta Monroy siku zilipokabidhiwa, unaona safu ya masanduku ya kijivu yenye mapengo katikati, kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. Hazipendezi hata kidogo. Upya wao uko kwenye hesabu. Hili liliwaudhi baadhi ya wenzao. Patrik Schumacher, mshirika wa Zaha Hadid, alilalamika hadharani mwaka ule wa 2016 kwamba tuzo imegeuzwa kuwa ya kazi za huruma. Mie naona Schumacher alikosea mahali pa kutazama, maana huruma haikuchora zile nyumba. Zilichorwa na hesabu ya kutoa na kugawanya, na hesabu yenyewe ndiyo hii.

Katikati ya mji wa Iquique palikuwa na eneo la nusu hekta hivi, linaitwa Quinta Monroy. Kama familia 100 zilikuwa zimekaa hapo kwa miaka 30 bila hati, vibanda vimebanana, vyumba vingine havioni jua. Serikali ya Chile mwaka 2001 ilianzisha mpango ambao jina lake ningelifasiri Makazi ya Jamii Yanayokua, Bila Deni. Ulikuwa wa wale maskini kabisa ambao benki haiwezi kuwakopesha. Kila familia ingepewa ruzuku ya dola 7,500, mara moja tu. Na usidhani ni dola 7,500 za kujengea. Humo humo ununue kiwanja, ulete maji, utoe majitaka, kisha ndiyo ujenge. Ardhi ya pale katikati ya mji ilikuwa na bei karibu mara tatu ya ile ambayo miradi ya namna hiyo huimudu.

Sasa bwana, msanifu wa kawaida angefanyaje? Angewahamishia watu nje ya mji ambako ardhi ni rahisi. Kwa Iquique nje ya mji maana yake ni kupanda ule mlima wa jangwa hadi Alto Hospicio, mbali na kazi, mbali na shule, mbali na wateja wa yule mama anayeuza vitu mtaani. Hiyo ndiyo desturi ya serikali nyingi: maskini hupewa nyumba mahali ambapo hakuna mtu mwingine anayepataka. Elemental wakasema hapana, wabaki hapo hapo. Basi wakajaribu. Nyumba moja moja zenye viwanja vyake zingetosha familia 30 tu. Nyumba za kuunganishwa mstari mmoja, kama 60. Ghorofa refu lingewatosha wote, lakini wenyewe wakakataa katakata. Aravena amesimulia kwamba walitishia kugoma kula endapo wasanifu wangethubutu hata kuwaletea wazo hilo. Wale watu hawakuwa washamba wa kuogopa ngazi. Walijua kwamba katika fleti ya ghorofa ya nne huwezi kuongeza chumba mwanao akioa. Utakufa na vyumba ulivyopewa.

Likabaki jambo moja. Fedha iliyokuwapo ilitosha kujenga mita za mraba kama 36. Familia ya kipato cha kati huhitaji kama 70 au 80. Serikali zikikabiliwa na tofauti hiyo huipunguza nyumba: sebule inakuwa ndogo, chumba kinakuwa kidogo, jiko linakuwa kabati. Elemental walijiuliza kwa nini hizo mita 36 zisihesabiwe kuwa ni nusu ya nyumba nzuri, badala ya kuwa nyumba mbovu iliyokamilika. Na kama ni nusu, ni nusu ipi? Jibu lao: ile ambayo familia haiwezi kuijenga vizuri peke yake. Nguzo na mihimili ya zege, kwa sababu Chile ni nchi ya matetemeko. Ukuta wa kati ya jirani na jirani, ili moto ukizuka kwa huyu usimfikie yule. Ngazi. Mabomba ya jikoni na bafuni. Halafu kando ya kila nusu wakaacha pengo lenye upana wa kutosha, tayari limezungukwa na nguzo na kuta, mtu ajaze kwa wakati wake na kwa mfuko wake. Mwaka 2004 watu wakaingia. Muda si mrefu mapengo yakaanza kujaa: mbao, matofali, mabati, madirisha ya kila aina, rangi ya bluu, ya njano, ya waridi.

Hapa kwetu fundi yeyote wa mtaani akisikia habari hii atacheka. Atasema, hivi hicho ndicho walichompa mtu tuzo? Sisi si ndivyo tunavyojenga siku zote! Unaanza banda la uani, chumba kimoja na choo. Unahamia. Mwaka wa pili unamwaga msingi wa nyumba kubwa. Unapandisha kozi sita, fedha inakata, magugu yanaota ndani ya sebule. Mwaka wa tano unafunga lenta. Kuna nyumba Dar es Salaam nondo zake zimechungulia juu ya nguzo muda mrefu kiasi kwamba ndege wamezifanya mahali pa kupumzikia, zikingoja ghorofa ambayo pengine mjukuu ndiye ataijenga. Kwetu mtu hahamii nyumba, anahamia chumba, na nyumba inamfuata.

Ni kweli. Hata serikali zetu zilijaribu mapema. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Tanzania ilipima viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikaweka barabara na maji, ikawaambia watu jengeni. Nairobi ulianzishwa mradi wa Dandora mwaka 1975, viwanja kama 6,000, vyenye choo na bafu tayari, mengine jitegemee. Peru nako, kwenye mradi wa PREVI mjini Lima mwishoni mwa miaka ya 1960, walialikwa wasanifu wenye majina makubwa wa wakati ule, James Stirling wa Uingereza, Aldo van Eyck wa Uholanzi, na Wajapani, wakaombwa wachore nyumba zinazoweza kukua. Kwa hiyo Aravena hakubuni nusu. Wala nadhani hajadai.

Lakini fundi wetu anayecheka asicheke sana. Tazama mpangilio wetu ulivyo. Kabwela anapojenga mwenyewe huanza na anachokiweza: ukuta na bati. Kile asichokiweza, yaani nguzo madhubuti, mfereji wa maji machafu, shimo la choo lililo mbali na kisima cha jirani, huachwa kwa siku ambayo haifiki. Nyumba inakua, na mifupa yake ni mibovu. Elemental waligeuza mpangilio. Mifupa kwanza, nyama baadaye. Na Dandora mtu alipewa choo akaachiwa mifupa. Kwa hiyo siyo kila nusu ni sawa na nusu nyingine, na hapa ndipo naona falsafa inapoanza, siyo kwenye majengo.

Maana kuna vitu vinavyokatika na kuna visivyokatika. Nusu ya shamba la mahindi ni shamba. Nusu ya daraja si daraja, ni mtego. Nusu ya dozi ya malaria haiponyi nusu ya malaria, inaufundisha ugonjwa ukaidi. Nesi mwenye vidonge vichache na wagonjwa wengi akiamua kumpa kila mmoja nusu dozi, watu watamsifu kwa usawa wake, na hakuna atakayepona. Je, nyumba iko kundi gani? Jibu ninaloliona kwenye kazi ya Elemental ni kwamba inategemea umeikata wapi. Nyumba iliyopunguzwa kila upande mpaka ikawa mita 36 zilizofungwa kwa kuta nne ni nusu dozi. Ina kila kitu na hakuna kinachotosha, na haiwezi kuongezeka. Nyumba iliyokatwa wima, ukapewa upande mmoja kwa kipimo chake kamili, inakaribia kuwa kama shamba. Serikali ya Chile ilikuwa na fedha ile ile katika hali zote mbili. Kilichobadilika ni mahali pa kupitisha msumeno.

Basi tukubali tuishie hapo? Hapana. Tuna msemo wetu, nusu shari kuliko shari kamili, na mimi msemo huu siupendi. Umetumika sana kuwatulizia watu ambao wangepaswa kukasirika. Hebu tuulize: nani mwingine hupewa nusu? Waziri akistaafu hapewi nusu ya nyumba. Meneja wa kampuni ya mafuta hajapata kuambiwa, bwana, hii hapa sebule, chumba cha kulala utajenga Jumamosi ukitoka kazini. Nusu ni kipimo cha watu wa chini tu. Kuna wahakiki waliosema wazi kwamba kazi ya Elemental inaisaidia dola kujivua wajibu wake: ruzuku inabaki ndogo, na tofauti inalipwa kwa jasho la maskini, halafu jambo lote linapewa jina zuri la ubunifu. Mpango unaitwa Bila Deni. Lakini nusu iliyobaki nani ataimaliza? Deni lipo, ila halidaiwi na benki. Linadaiwa na pengo lenyewe, kila asubuhi ukifungua mlango.

Hoja hii nzito, na sioni kama inajibika kwa kusema tu kwamba fedha haikuwapo. Fedha haikuwapo kwa sababu kuna mtu mahali fulani aliandika 7,500 wala hakuandika 15,000. Tarakimu ile si hali ya hewa. Sasa msanifu anayeipokea na kuifanya itende maajabu, je, hasaidii idumu? Kama 7,500 zinaweza kuleta tuzo na picha za rangi, waziri wa fedha ana sababu gani ya kuongeza? Hili ni swali la zamani kwa kila anayefanya wema ndani ya mpango mbaya. Mwalimu anayefundisha watoto 120 darasa moja kwa ustadi mkubwa anawaokoa wale 120, na papo hapo anawapa wakubwa ushahidi kwamba 120 inawezekana.

Msimamo wangu ni huu. Aliyekwisha ngoja miaka 30 hawezi kuambiwa aendelee kungoja ili kutoridhika kwake kuwe hoja safi. Huko ni kumtumia mtu kama bango. Anayetaka serikali iongeze ruzuku na aipiganie ruzuku, bungeni, magazetini, barabarani, lakini asiipiganie kwa kuwaacha wengine kwenye vibanda visivyoona jua. Hata hivyo msanifu naye ana wajibu wa pili, nao ni kusema wazi kwamba nusu ni nusu. Aibu huanza pale nusu inapouzwa kwa jina la nzima. Na hapa nawapa Elemental haki yao: lile pengo halisemi uongo. Kila apitaye barabarani anaona kitu hakijaisha. Ile nyumba ndogo ya kawaida ya serikali, iliyopigwa plasta na kupakwa rangi, ndiyo inayodanganya.

Lakini, jamani, ukweli huo wa pengo una ukatili wake, na sijaona watu wengi wakiuzungumzia. Katika nyumba zinazofanana zote ni ndogo sawa, hakuna anayejua nani kafilisika. Pale Quinta Monroy pengo linaonekana toka nje. Familia yenye vijana watatu wenye nguvu na mjomba anayejua ufundi inajaza mapema. Mjane mzee anayeishi na mjukuu atajaza na nani? Upepo utapita kwenye pengo lake mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mtaa mzima utausoma mfuko wake kama tangazo ukutani. Mpango unaodai kwamba kila mtu ana mikono unamwonea asiye na mikono. Nusu ya pili siyo kitu kimoja kwa watu wote: kwa mmoja ni uhuru, kwa mwingine ni kazi ya lazima isiyo na mshahara.

Nikiifikiria hali hiyo kwa macho ya huku kwetu naiona tofauti kidogo. Huku nyumba isiyoisha haimtii mtu aibu. Ukimuuliza jirani mbona umeishia kwenye lenta, anakujibu bila kusita, naendelea. Na wewe unamwelewa, maana na wewe unaendelea. Aibu haikai ndani ya ukuta, inakaa katika macho ya anayeutazama. Kama mtaa mzima unaendelea, pengo ni ahadi. Wamalizie wote abaki mmoja, pengo hilo hilo ni fedheha. Kwa hiyo msanifu alipochora pengo alichora pia, atake asitake, uhusiano wa majirani, na huo hauwezi kuumiminia zege. Elemental walijaribu kuusaidia kwa kupanga nyumba kuzunguka nyua nne, kila ua familia kama 20, idadi ambayo watu wanaweza kujuana na kuelewana. Ni wazo zuri. Watafiti waliokwenda baadaye walikuta watu wengine wamejenga mpaka kuingia kwenye nyua, wengine wametoka nje ya mistari iliyowekwa, na msongamano umeongezeka. Chumba cha huyu kimekula mwanga wa yule.

Wapo wanaosema huo ni ushahidi kwamba mradi umeshindwa. Mie sifiki huko. Ukimkabidhi mtu uhuru wa kujenga huna haki ya kushangaa akijenga. Ila naona pia kwamba mchoro uliweka mipaka mingi ya zege kati ya nyumba na nyumba, na mpaka kati ya nyumba na ua, ambao ndio uliokuwa na ugomvi, ukaachwa kwa makubaliano ya mdomo tu. Kila mtu aliyewahi kukaa nyumba ya wapangaji sita wenye ua mmoja angeweza kuwaonya.

Nije kwenye jambo linalonigusa mimi kama mtu anayejaribu kuandika riwaya. Ni nani mtunzi wa zile nyumba? Zipo picha mbili zinazowekwa pamoja kila mahali habari hii inapoandikwa. Ya kwanza, masanduku ya kijivu na mapengo. Ya pili, mapengo yamejaa rangi na mapazia. Uzuri wote uko kwenye picha ya pili, na picha ya pili imejengwa na watu ambao majina yao hayapo kwenye tuzo. Wasanifu wa zamani wa kikosi cha mbele walikuwa na ugomvi na jambo hili. Le Corbusier alijenga nyumba kama 50 huko Pessac, karibu na Bordeaux, Ufaransa, katika miaka ya 1920, nyumba safi zenye paa bapa na madirisha marefu ya mlalo. Waliohamia wakaziba madirisha, wakaweka mapaa ya mgongo, wakafunga baraza. Kwa miaka mingi watu wa fani walilitazama jambo hilo kama dhambi iliyotendewa kazi ya sanaa. Elemental wao waliiita dhambi hiyo kwa jina, wakaitengea nafasi ya mita kadhaa, wakaikaribisha. Haya ni mapinduzi makubwa kuliko ukuta wowote uliopinda. Mtunzi anakubali kwamba sura za mwisho za kitabu chake ataziandika mwingine, kwa mwandiko wake, na makosa yake ya tahajia.

Mimi sijui kama ningeweza. Nikifikiria mtu ananimalizia hadithi yangu kwa rangi ya waridi, moyo unakataa. Lakini pia mimi sikai ndani ya hadithi nikalala humo na watoto. Labda ndiyo tofauti.

Na bado jina linabaki moja kwenye tuzo. Hata lile sharti la kwanza la mchoro, kwamba nyumba iweze kukua, lilitoka kwa wakazi waliotishia kugoma kula. Waliikataa fleti kabla msanifu hajainua kalamu. Ukweli ni kwamba robo ya wazo ilikuwa yao, na nusu ya jengo, na miaka 30 yote ya kungoja.

Sasa nirudi kwenye ile kampuni ya mafuta. Tarehe 27 Februari 2010 tetemeko la kipimo cha 8.8 liliipiga Chile, likafuatiwa na mawimbi ya bahari, na mji wa Constitución ukaharibika vibaya sana. Elemental walipewa siku 100 kutayarisha mpango wa kuujenga upya. Waliitisha mikutano ya wazi, na badala ya kuzuia bahari kwa ukuta mrefu, wakapendekeza msitu upandwe kando ya mto ili kulivunja wimbi nguvu. Kando ya hayo wakachora mtaa wa Villa Verde, nyumba 484, kwa kushirikiana na kampuni ya misitu ya Arauco, ambayo ni tanzu ya COPEC na ilitaka wafanyakazi wake wapate makazi. Safari hii fedha ilikuwa nyingi zaidi. Nyumba ya kuanzia ilikuwa mita za mraba 57, ya mbao, na Constitución si Iquique, mvua inanyesha kweli kweli, kwa hiyo wakaezeka paa zima mpaka juu ya pengo. Ukijaza, unafika mita 85.

Ehe, sasa angalia. Mita 57 wangeweza kuzifunga pande zote wakasema hii ndiyo nyumba, chukua ufunguo. Ni kubwa kuliko zile za Iquique kabla hazijajazwa. Hawakufanya hivyo. Waliacha pengo tena. Hapa kisingizio cha fedha kimekwisha, na nusu imekuwa imani. Kwa Iquique nilikuwa tayari kuwatetea kwa sababu ya hesabu. Kwa Villa Verde utetezi lazima uwe mwingine: kwamba ni bora mtu awe na nyumba inayoweza kufika 85 kuliko nyumba iliyofungwa kwenye 57, hata kama leo analala mahali pale pale. Mtu mwenye kazi ya mshahara, mwenye miaka thelathini, atakubali upesi. Yule mjane wangu angechagua 57 zilizofungwa, na sioni msingi wa kumwambia amekosea. Kilichonisumbua ni kwamba mchoro hauna nafasi ya yeye kusema hivyo. Wote wanapewa pengo. Ingekuwa vigumu gani kuwaacha wachache, wazee na wagonjwa, wachague nyumba iliyokwisha?

Mwaka huo wa 2016 Elemental walizitoa michoro minne ya nyumba zao bure, anayetaka aichukue, serikali yoyote, mjenzi yeyote. Nimeiona. Mtu mwenye kidato cha nne na rula anaweza kuifuata. Lakini kitu cha thamani kuliko vyote katika hesabu ya Quinta Monroy hakimo kwenye zile karatasi, nacho ni ile nusu hekta ya katikati ya mji, waliyoinunua kwa bei ya mara tatu badala ya kuwapandisha watu mlimani. Huku kwetu mchoro huo ukiletwa kesho, najua wapi watataka kuujenga. Watatutafutia pori, wataweka nguzo na mapengo yao, na basi la mwisho litakuwa limekwisha ondoka.

Ningepata nafasi ya kumwuliza mkazi mmoja wa Quinta Monroy jambo moja tu, nisingemwuliza kama ameridhika. Ningemwuliza alianza kuongeza chumba gani, cha nani, na siku hiyo nani alimshikia ngazi.